Bustani Mumezijenga, Wanaozilinda Mutawafunza Lini?

Haya wanangu wa kisiwani, leo naongea jambo ambalo halina densi yake TikTok. Naongea juu ya yule mtu wa reflekta na filimbi pale bustanini. Yule wa "Toka hapo! Shuka hapo!" Ushawahi kujiuliza nani alimfunza kazi yake? Na alifunzwa kwa siku ngapi?

Msimamo wangu naueleza mapema. Mombasa tunajua kumwaga pesa kwa kabro, taa na viti. Mtu wa kuviangalia tunamwachia kipaji chake na hasira zake. Mimi nasema kila anayefanya kazi kwenye bustani na viwanja vyetu apewe mafunzo ya kweli, na yarudiwe kila mwaka.

Chukua Mama Ngina. Kabla ya sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba 2019 kufanyiwa pale, eneo lile lilikarabatiwa kwa karibu shilingi milioni 460. Pakapendeza, sibishi. Jumapili jioni nusu ya mji iko pale: mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, madafu, watoto wanakimbizana, meli ikiingia Kilindini kila mtu yuko na simu juu.

Sasa hebu hesabu vitu ambavyo mfanyakazi wa mahali kama pale anatakiwa ajue. Chini ya ukingo kuna mkondo ambao meli za makontena zinapita. Mtu akiteleza, dakika tatu za kwanza yeye afanye nini? Ile mibuyu mikongwe, nani amemwambia kwamba misumari ya mabango inaijeruhi? Mama akija na mtoto kwenye kiti cha magurudumu, ampitishie wapi? Na msichana akija kusema kuna mtu anamfuatafuata, atamsikiliza ama atamuuliza mbona amevaa hivyo?

Hayo hayaji kwa kuvaa reflekta. Hayo ni ya kufunzwa.

Nishaliona hili kwa macho yangu, kwenye bustani moja ambayo jina naliweka kando. Kijana alianguka kifafa. Watu wakamzunguka kama mechi. Mmoja anataka kumtia kijiko mdomoni, mwengine anaita kitunguu anusishwe, mwengine anambana mikono. Mlinzi alikuwepo, na nakwambia alikuwa mtu mwenye huruma, alikuwa anatetemeka kumliko mgonjwa. Akapuliza filimbi. Maskini, ndicho kifaa pekee alichopewa. Kijana alizinduka mwenyewe, alhamdulillahi.

Na kitu kilichotakiwa pale si udaktari. Ondoa vitu vigumu karibu yake, usimbane, usimtie chochote mdomoni, mtetemo ukipungua mlaze ubavu, na angalia saa: zikipita dakika 5 bado anatetemeka, hospitali. Umeisoma kwa sekunde 20. Mtu anayekaa bustanini siku 6 kwa wiki anakosaje kuambiwa?

Sasa linganisha. Anayempeleka mgeni kuona simba anaweza kufanya mitihani ya Kenya Professional Safari Guides Association, ngazi tatu: shaba, fedha, dhahabu. Vizuri sana. Lakini anayemwangalia mtoto wa Kibokoni akipanda pembea pale Makadara siku ya Idd, cheti chake ni cha ngazi gani? Mgeni wa wiki moja na mtoto wetu, nani ana haki zaidi ya mtu aliyefunzwa?

Na musinitume Nairobi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti bustani zao, fuo na sehemu za burudani. Mwenye mzigo huu yuko hapa hapa.

Najua mtakachosema kule kwenye maoni: "Mafunzo ni ulaji tu. Hoteli, chai ya saa nne, posho, picha ya pamoja, kwaheri." Mumesema kweli, na ndiyo maana mimi sitaki semina ya hotelini. Nataka asubuhi moja kila mwezi, pale pale bustanini, kabla watu hawajajaa. Walimu tunao. Kenya Red Cross na St John Ambulance wanafunza huduma ya kwanza. Mambo ya usalama wa baharini, Bandari Maritime Academy iko hapa Mombasa. Chuo cha serikali cha kunoa watumishi wa umma, Kenya School of Government, kina tawi hapa. Basi mlango usifunguliwe kwa mabosi peke yao. Na historia? Fort Jesus imesimama tangu miaka ya 1590 na ina watu wanaojua kuisimulia. Wakae na mfagiaji wa bustani ya jirani saa moja, uone kama mgeni akimuuliza swali atasema tena "sijui, mimi nafagia tu."

Mukitaka ushahidi kwamba bustani hujengwa na ujuzi, vukeni Nyali mwende Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu. Mivinje ikashika, lakini majani yake yakawa hayaozi kuwa udongo. Dawa ikawa jongoo! Wale wale tunaowakanyaga. Leo ni msitu unaoitwa Haller Park. Mtu asiyejua jongoo anafanya kazi gani angewafagia akawatupa.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linaloniuma. Mafunzo bila ajira ya kueleweka ni kutia maji kwenye pakacha. Ukimfunza kibarua leo, kesho mkataba umeisha ameenda kuendesha boda, ujuzi umeondoka naye. Mpe cheti, na cheti kiongeze kitu kwenye mshahara. Hapo hata kijana wa Kuze aliyemaliza fom foo na anashinda barazani ataiona kazi ya bustani ni kazi. Saa hii anaiona ni adhabu.

Nyumba zetu za Mji wa Kale unazijua, chumba kimoja watu watano. Bustani ndiyo sebule yetu. Kwa hivyo wikendi hii ukifika, msalimie yule mwenye filimbi, muulize jina lake. Halafu kikao cha maoni ya bajeti kikija wadi yako, usiende kwa ajili ya soda. Simama uulize swali moja tu: kufunza wafanyakazi wa bustani mumetenga shilingi ngapi? Wakikujibu, niandikie.