Mbwa Naye Ana Sura Yake

Nimechoka na kicheko. Taja mbele ya wapenda sanaa kwamba unapenda picha za mbwa, uone. Sisemi watu wa mtaani, wao wana mambo yao. Nasema wasomaji wenzangu, wanaoweza kubishana saa nzima juu ya mikono ya Mona Lisa, kisha wakionyeshwa picha ya mbwa aliyependwa wanasema eti hiyo ni ya kalenda. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia makala kwa sentensi moja tu: tuandikie juu ya watu. Haya, leo naandika tena juu ya mbwa. Picha ya mbwa mmoja mwenye jina lake inadai jicho lilelile linalodaiwa na picha ya mtu, na wengi wanaoidharau hawajawahi kuitazama.

Sehemu ya tatizo ni mbwa tuliyezoea kumwona amechorwa, yule wa getini. Mnamjua. "Mbwa Kali" (sarufi imelala lakini ujumbe umefika), na pembeni kichwa cha mbwa wa polisi, ulimi nje, meno kama msumeno. Kichwa kilekile Nairobi, kilekile Thika. Ndani ya geti huenda mna koko mweupe mwenye sikio lililokatika, anayelala chini ya gari mchana kutwa. Huyo hayumo kwenye kibao. Kilichochorwa pale ni woga tunaotaka mwizi awe nao. Na sisi wa fasihi tusijione bora kuliko fundi wa vibao: ni mara ngapi umekutana na mbwa katika riwaya ya Kiswahili ambaye si tusi, si methali, ila ni yeye mwenyewe na tabia zake?

Najua pingamizi. Kuna la dini, kuhusu mbwa na kuhusu picha vilevile. Anayejizuia kwa imani yake simgusi, ugomvi wangu hauko naye. Kuna la pili, kwamba huo ni upendo wa Kizungu, mbwa wanalishwa nyama watoto wakiwa na njaa. Hilo lina uzito, na historia ya mbwa wa masetla hatujaisahau. Lakini mbona halisemwi juu ya picha za farasi? Mbona halisemwi juu ya bakuli la matunda? Mchungaji wa mbuzi ana mbwa, mlinzi wa usiku ana mbwa, na wote wawili wanamjua kwa mwendo wake gizani. Huo nao ni Uzungu?

Kinachoharibu kazi hii kweli kimo ndani yake. Mwaka 1837 Mwingereza Edwin Landseer alichora The Old Shepherd's Chief Mourner: jeneza la mchungaji mzee ndani ya kibanda, na mbwa wake ameegemeza kidevu juu yake. John Ruskin aliisifu mno. Mimi inanikera. Manyoya yamechorwa kwa ustadi, siwezi kukataa, ila mbwa yule ameajiriwa kuomboleza. Amepewa kazi ya kuwafundisha watu uaminifu, na akishaifanya hiyo kazi huulizi tena yeye alikuwa nani. Picha nyingi za mbwa zinazouzwa leo, mbwa kavaa koti la jenerali, mbwa kafumba macho kama malaika, ni wajukuu wa jeneza lile.

Mtazame sasa Nipper. Alikuja kwa mchoraji Francis Barraud baada ya kifo cha kaka yake, Mark, mwaka 1887, akafa 1895. Barraud alimchora baadaye, mbwa akiwa hayupo tena, akisikiliza fonografu. Mwaka 1899 kampuni ya gramafoni ikakubali kuinunua picha hiyo, pauni 50 za picha na pauni 50 za haki zake, kwa sharti moja: mashine ibadilishwe, iwekwe ya kwao. Barraud akaifuta kwa rangi, akachora nyingine juu yake. Mashine ikaondoka, mbwa akabaki vilevile. Ndiye aliyekuwa nembo ya His Master's Voice, kampuni iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Biashara ilimtumia itakavyo, lakini kichwa kile kilichoinama upande, sikio likitafuta sauti, ni cha mbwa mmoja. Aliyeishi naye angemtambua.

Kumchora mtu ni kupatana naye. Anakaa, anabana tumbo, anataka pua ipunguzwe kidogo. Mbwa hapatani na mtu. David Hockney alipoanza kuwachora mbwa wake wawili, Stanley na Boodgie, wale warefu kama soseji wenye miguu mifupi, ilikuwa 1995, baada ya kumpoteza rafiki yake Henry Geldzahler. Aliweka stendi za kuchorea chini chini nyumbani, rangi zikiwa tayari, maana mlango ukigongwa tu picha imekwisha. Ndiyo sababu mara nyingi wamelala. Hawakufundishi kitu, wamelala tu kwenye mto, mgongo kwa mgongo, na mwenye kuwatazama ana majonzi ambayo hakuwabebesha wao.

Lucian Freud alikuwa mkali kwa watu. Miili ya binadamu aliichora bila huruma. Pluto, mbwa wake mwembamba wa mbio, alimchora kwa makini yaleyale, mbavu na makucha. Pluto alipokufa mwaka 2003, Freud alichora alipozikwa: majani makavu ya bustani, basi. Nimeiona kitabuni tu, na kila nikifika ukurasa ule macho yanapita jani kwa jani, yanamtafuta.