Mashine Ikinyamaza Tusiizike Upesi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliikumbuka nilipokuwa mgeni wa jamaa yangu Kitale, na miguu ikanifikisha Kipsongo, mtaa wa wanyonge ulio pembezoni mwa mji ule, ambako Waturkana wengi wamefanya maskani.

Nilimkuta seremala mmoja ameketi mbele ya nyumba yake, mkono shavuni. Kerezo lake dogo la umeme, lile la kuweka juu ya meza, lilikuwa limenyamaza. Kwa kerezo hilo alikuwa akikereza miguu ya vitanda na stuli, na watoto wakala. Aliyemwuzia alikwisha mpa jawabu: mota imekufa, nunua nyingine. Naye deni la ile ya kwanza hajalimaliza.

"Mwanangu," nikamwuliza, "umelifungua mwenyewe ukatazama?"

"Hapana, mzee. Naogopa kuharibu zaidi."

Akaitwa jirani anayetengeneza redio. Kwanza aling'oa waya wa stimu ukutani. Akaizungusha mashine kwa mkono. Ikazunguka laini bila kukwaruza, akasema beringi ni nzima. Seremala akaeleza kwamba siku ile ilikuwa ikivuma tu bila kuzunguka. Ndipo jirani akafungua kikebe kilicho mgongoni mwa mota, na ndani mna kapasita iliyofura kama andazi. Hiyo ndiyo huipa mota ya namna ile msukumo wa kuanzia. Hakuigusa kwa vidole, maana huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kung'olewa. Aliumaliza kwanza kwa balbu ya taa. Ikatafutwa nyingine ya kipimo kile kile, yenye volti zisizopungua za ile mbovu. Kabla ya magharibi kerezo lilikuwa likilia.

Hapo ndipo penye neno langu. Seremala wetu wa pwani wa zamani alitoboa mbao kwa keke, uta ukienda mbele na kurudi nyuma. Kamba ikikatika, alisokota nyingine. Uta ukivunjika, alichonga mwingine. Hakumngojea mwenye duka. Kujua kazi na kujua chombo cha kazi lilikuwa jambo moja. Leo tumeipokea mashine, lakini nusu ya ufundi tumeiacha dukani. Hata jina lenyewe, kerezo, vijana wengi hawalijui.

Sisemi kila mtu aivamie mashine na bisibisi. Umeme wa nyumba zetu Kenya ni volti 240, nao haumhurumii mjuaji wa uongo. Asiyejua na amwite ajuaye. Lakini asiende zake kunywa chai. Asimame karibu, atazame, aulize, ili mara ya pili asiwe mgeni wa mali yake mwenyewe. Na mashine ikipona, kinga ya ukanda irudishwe mahali pake, kwani kidole hakina kipuri.

Vyuo vyetu vya ufundi navyo visimpe kijana cheti mpaka aifungue mashine anayoitumia na kuifunga tena. Na mwenye kuuza mashine auze na vipuri vyake.

Mtu akiambiwa "imekufa", naye akasadiki bila kutazama, huenda akaizika riziki yake ingali hai.