Vipindi vya usiku Marekani: fedha au siasa?

Uamuzi wa kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kukomesha kipindi cha The Late Show ifikapo Mei 2026 ulizua mjadala mpana ndani na nje ya nchi hiyo. Tangazo hilo lilitolewa tarehe 17 Julai 2025. Uongozi wa CBS ulieleza kuwa uamuzi huo ni wa kifedha pekee, na kwamba hauhusiani na maudhui ya kipindi wala mambo mengine yaliyokuwa yakiendelea katika kampuni mama ya Paramount. Hata hivyo, siku tatu kabla, mtangazaji wa kipindi hicho, Stephen Colbert, alikuwa amesimama mbele ya kamera na kuyaita rushwa malipo ya dola milioni 16 ambayo Paramount ilikubali kuyatoa kumaliza kesi iliyofunguliwa na Rais Donald Trump. Ukaribu huo wa tarehe ndio uliofanya maelezo ya kituo yatiliwe shaka.

Vipindi vya aina hii huanza saa 5:35 usiku. Mchekeshaji hufungua kwa kejeli juu ya habari za siku, kisha huwahoji wageni na kuwakaribisha wanamuziki. The Late Show ilianza mwaka 1993 chini ya David Letterman, na Colbert akaipokea mwaka 2015.

Hoja ya fedha si ya kubuniwa. Takwimu za kampuni ya Guideline zinaonesha kuwa mapato ya matangazo ya biashara katika vipindi vya usiku vya vituo vikuu yalishuka kutoka takribani dola milioni 439 mwaka 2018 hadi milioni 220 mwaka 2024. Mei 2025, kwa mujibu wa Nielsen, muda ambao Wamarekani walitumia kutazama kupitia intaneti ulizidi kwa mara ya kwanza ule wa televisheni ya kawaida na ya kebo kwa pamoja. Kijana aliyecheka utani wa Colbert aliuona asubuhi katika simu, kwa kipande cha dakika chache, na mtangaza biashara hulipia kipande hicho kiasi kidogo mno kikilinganishwa na saa nzima ya televisheni. Gharama, kwa upande wake, hazikupungua: ukumbi mjini New York, bendi, waandishi na wafanyakazi wapatao 200. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti hasara ya takribani dola milioni 40 kwa mwaka, ingawa The Late Show ilikuwa ikiongoza kwa watazamaji katika muda wake, wastani wa watu milioni 2.4 kwa usiku.

Aidha, dalili zilikuwapo mapema. CBS iliondoa kipindi cha James Corden mwaka 2023, na kilichochukua nafasi yake nacho kikafungwa mwaka 2025. NBC ilipunguza siku za The Tonight Show kutoka tano hadi nne kwa wiki, na ikaondoa bendi katika kipindi cha Seth Meyers. Hakuna kati ya hatua hizo iliyohusishwa kwa uzito na ugomvi wa kisiasa.

Hata hivyo, mfano wa NBC unaibua swali ambalo maelezo ya CBS hayakulijibu. Kampuni inayopata hasara huanza kwa kupunguza: siku, mishahara, bajeti. CBS ilichagua kufunga kabisa kipindi kilichokuwa kikiongoza, bila hata kumtafuta mtangazaji mwingine. Ni kweli kwamba mkataba wa Colbert ulikuwa wa kumalizika Mei 2026, hivyo tarehe ya mwisho ilikuwa na mantiki ya kibiashara. Tarehe ya tangazo ndiyo yenye utata. Wakati huo Paramount ilikuwa ikisubiri kibali cha Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC, ili iungane na kampuni ya Skydance katika mpango wa dola bilioni 8. Muungano huo ulihitaji kuhamisha leseni za vituo vinavyomilikiwa na CBS, na leseni haihami bila ridhaa ya FCC. Kibali kilitolewa tarehe 24 Julai, wiki moja baada ya tangazo, huku Skydance ikiwa imeahidi kuteua afisa wa kupokea malalamiko kuhusu upendeleo katika habari. Kwa hiyo fedha zinaeleza vizuri kwa nini kipindi kilikuwa dhaifu. Hazielezi kwa nini kilitolewa kafara wiki hiyo.

Miezi miwili baadaye tukio jingine lilitokea ambalo halikuwa na hesabu za hasara za kulifunika. Tarehe 17 Septemba, ABC ilisimamisha kipindi cha Jimmy Kimmel kutokana na kauli yake iliyofuatia mauaji ya mwanaharakati Charlie Kirk. Saa chache kabla, Mwenyekiti wa FCC, Brendan Carr, alikuwa ameonya hadharani kuwa jambo hilo lingeweza kumalizwa kwa njia rahisi au kwa njia ngumu. Hata Seneta Ted Cruz wa chama cha Republican aliikosoa kauli hiyo. Baadhi ya wateja walifuta usajili wao wa huduma za Disney, kampuni mama ya ABC, na Kimmel akarejea hewani tarehe 23 Septemba. Watazamaji milioni 6.26 walimfuatilia usiku huo, ingawa vituo vya Nexstar na Sinclair vilikataa kumrusha kwa siku kadhaa zaidi.

Kuna mfano wa zamani unaofaa kukumbukwa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, kauli ya Bill Maher katika kipindi chake cha ABC iliwafanya FedEx na Sears waondoe matangazo yao, na mwaka 2002 kipindi kikafungwa. Hapo siasa ilipita mlango wa mtangaza biashara. Sasa inapita mlango wa leseni, ambao haujali idadi ya watazamaji.

Mwaka 2025 Nexstar, iliyomzuia Kimmel, ilikuwa ikitaka kuinunua kampuni ya Tegna kwa dola bilioni 6.2. Ununuzi huo ulihitaji kibali cha FCC, pamoja na kulegezwa kwa kanuni iliyozuia mmiliki mmoja wa vituo kufikia zaidi ya asilimia 39 ya kaya za Marekani.