Sanaa si mali ya mgeni

Kumezuka mazoea ya kudhani kwamba ukumbi wa maonyesho ya sanaa ni mahali pa watalii, na kwamba mwananchi, hasa mwenye kumshika mtoto mdogo mkono, hana lake humo. Mazoea hayo hayana budi kukomeshwa. Walimu na watumishi wa umma ndio wapasao kuanza, kwani wao hutazamwa na wengine katika malezi.

Ni dhahiri kwamba kazi zinazopamba kumbi hizo zimetokana na jasho la wananchi wa kawaida. Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa zipakwazo baiskeli. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unaendelezwa na ushirika wa wachoraji ulioko Oysterbay. George Lilanga alianza kwa kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972. Baadaye mashetani wake wenye masikio makubwa wakafika kumbi za Ulaya na Marekani. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto wa Temeke au Mpanda aweza kumaliza shule ya msingi bila kuona kazi hizo ambazo wageni huzifuata kutoka mbali.

Wako wasemao kwamba mtoto wa miaka minne au mitano hawezi kuelewa sanaa ya kisasa. Ukweli ni kinyume. Anayetaabika mbele ya picha asiyoizoea ni mtu mzima, kwa sababu alifundishwa kwamba kila swali lina jibu moja na kwamba kukosea ni aibu. Mtoto bado hana hofu hiyo. Akisimama mbele ya kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa ujamaa, ambamo watu wamebebana tangu chini hadi juu, ataanza kuhesabu vichwa. Kisha huenda akauliza: huyu wa chini kabisa hachoki? Swali hilo moja lina somo la uraia ambalo kitabu hulieleza kwa kurasa nyingi. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ilikusudia kujenga akili ya namna hiyo hiyo: akili yenye kudadisi na kujiamini.

Kazi ya mzazi au mwalimu, basi, si kutoa hotuba. Ni kuuliza: unaona nini hapa? Kisha kunyamaza na kusikiliza. Mtoto asiburutwe kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho kana kwamba anakagua gwaride; kazi mbili au tatu zatosha, na akichoka arudishwe nyumbani. Aambiwe mapema kwamba vitu havishikwi, na aelezwe sababu: jasho la mkono huharibu rangi, na mtoto mwingine ana haki ya kuja kuiona kesho. Hapo atajifunza kuheshimu mali ya umma pasipo fimbo. Jioni apewe karatasi na penseli au kipande cha mkaa, achore alichokiona, wala asisahihishwe.

Lakini lawama isiwaangukie wazazi peke yao. Ukumbi unaotundika picha zote juu ya kimo cha mtoto, na kuandika maelezo kwa Kiingereza tu, umemfungia mlango kabla hajabisha hodi. Tena Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni ya Mtaa wa Shaaban Robert, pamoja na Nafasi Art Space ya Mikocheni, zote ziko Dar es Salaam. Maofisa utamaduni wa halmashauri wasingoje kumbi mpya zijengwe. Madarasa yana kuta, na wachongaji na wachoraji wako mikoani. Waalikwe, kazi zao ziwekwe shuleni hata kwa juma moja, na wenyewe wajibu maswali ya watoto.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyezoea kutazama, kuuliza na kusikilizwa hatakuwa mtumishi wa kuitikia ndiyo kwa kila jambo. Taifa lisilowaonyesha watoto wake kazi za mikono ya wazazi wao huwalea wawe wageni nyumbani mwao wenyewe.