Usimlaumu Mtu wa Skrapu



Kama unasukuma mkokoteni wa skrapu, ama ndugu yako ndiyo kazi yake, soma hii mpaka mwisho.

Mwaka 1987, mji wa Goiânia kule Brazil, jamaa wawili waliingia kwenye jengo la kliniki ya saratani iliyohama na kuacha mashine ya mionzi ndani, bila kuarifu mamlaka. Waliona chuma, wakaona pesa. Siku hiyo hiyo wakaanza kutapika. Mmoja alienda kwa daktari akaambiwa ni chakula kimemdhuru. Kile chuma kikauzwa yadi. Ndani mlikuwa na unga wa siziamu-137, unang'aa buluu gizani, na mwenye yadi akawagawia jamaa na marafiki. Mtoto wa miaka 6 alikula chakula na ule unga mkononi.

Watu 4 walifariki, yeye akiwemo. Watu 249 walikutwa na mionzi mwilini au kwenye nguo. Aliyeshtuka ni mke wa mwenye yadi: aliona watu wake wanaugua, akachukua kile kitu kwenye mfuko, akapanda basi mpaka kituo cha afya. Naye hakupona. Siku ya kumzika yule mtoto, watu walirusha mawe, hawataki azikwe pale. Hebu fikiria jeneza la mdogo wako linapigwa mawe!

Najua wako watakaosema, "Si waliiba?" Haya, twende Delhi mwaka 2010. Chuo kikuu kiliuza mashine yake ya zamani kwa mnada, ikiwa na kobalti-60 ndani. Ikafika soko la skrapu la Mayapuri, ikafunguliwa, mtu mmoja akafa. Hapo nani aliiba?

Aliyekuwa na leseni na wasomi ndiye aliyejua ni sumu. Ile ilikuwa amana mikononi mwake. Maskini aliona kilo tu.

Sisi Mombasa tusijifanye hayatuhusu. Owino Uhuru haikuwa mionzi, ilikuwa risasi ya betri kuukuu, lakini waliolipa kwa afya zao ni walewale majirani wasioambiwa kitu.

Kenya tuna Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, na Katiba kifungu cha 35 inakupa haki ya kupata habari. Basi tuulize: hospitali ikistaafisha mashine ya mionzi, inaenda wapi? Na kwa nini onyo lisibandikwe kila yadi, kwa Kiswahili?

Kwa sasa, shika hili. Ukiona mchoro wa mapanga matatu kama ya feni, meusi juu ya manjano, ama kopo dogo lenye uzito usio wa kawaida, usigonge, usikate, usipeleke nyumbani. Ondoka, zuia watoto, ripoti polisi. Na kama ulishakishika, kisha unatapika ama mkono unababuka, mwambie daktari wazi ulishika nini. Usione haya.

Ukipata yadi yoyote iliyobandika mchoro huo, tutumie picha. Mimi nimepita kadhaa, sijauona bado.