Mama Naye ni Msafiri

Likizo ya shule inapokaribia, familia nyingi za Kariakoo, Gerezani na Ilala hujiuliza swali lile lile: watoto tuwapeleke wapi? Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani yake. Familia huzunguka nayo vijijini na kulala humo. Sisi tunaoishi chumba na sebule hatuna magari hayo, lakini tunaweza kuchangishana, tukakodi Costa, tukafunga mahema juu ya keria na kuelekea milima ya Usambara.

Hivyo ndivyo zilivyofanya familia saba za msikiti wetu. Njia ni Chalinze, Segera, Korogwe hadi Mombo. Hapo barabara huiacha tambarare na kupanda kwa kona nyingi, kilomita 30 na ushei, hadi Lushoto, mji mdogo ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Watoto waliozoea kuona kabichi na karoti zikishushwa sokoni kwa magunia, waliziona zingali shambani, kwenye matuta ya mteremko. Huko Irente walisimama karibu na ukingo wa jabali, mikono yao mikononi mwa wazazi, wakaitazama Mazinde chini yao kama mkeka uliotandikwa.

Hata hivyo, tunalotaka kulisema leo si mandhari. Kabla ya safari, kina mama walitufikishia ujumbe: hawako tayari kwenda ikiwa kazi yao itakuwa kuhamisha jiko kutoka Kariakoo hadi mlimani. Wapo waliouona ujumbe huo kuwa ukaidi. Sisi tuliuona kuwa haki. Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na swala ilipofika alitoka kwenda kuswali. Ikiwa hiyo ndiyo hali yake akiwa nyumbani, kwa nini sisi tuone haya kumenya viazi safarini?

Basi tukamteua amiri, kama Sunna inavyowaelekeza wasafiri, naye akapanga zamu: wanaume na vijana wa kiume wapike, waoshe sufuria, wateke maji ya udhu. Chai ya kwanza ilinuka moshi, na wali uliungua upande mmoja. Lakini kina mama walitembea milimani bila haraka, na mmoja wao, mama wa watoto watano, alisema kwamba tangu aolewe hajapata kula siku tatu mfululizo chakula asichokipika yeye. Waume waliosikia maneno hayo waliinamisha vichwa.

Kwa wanaokusudia kwenda: hakikisheni kambi ina maji, vyoo na sitara ya wanawake. Chukueni mablanketi mazito, kwani Juni na Julai baridi ya Lushoto si ya mchezo. Masafa yanaruhusu kupunguza swala, hivyo Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili mbili. Na zamu ya jikoni ipangeni kabla gari halijaondoka, si baada ya watoto kuanza kulia njaa.

Safari huisha, mahema yakakunjwa. Zamu ile ikiendelea nyumbani, hata kwa siku moja katika wiki, fedha tulizochanga hazikupotea. Allah atuwafikishe. Amin.