Porini Si Mahali pa Kusaka Saa za Kuruka

Marubani wapya wanaokosa ajira kwao huambiwa waende ughaibuni, kwenye maeneo yenye barabara chache: Maun nchini Botswana, nyanda za juu za Papua New Guinea, Alaska au kaskazini mwa Kanada. Inaaminika kwamba huko marubani ni haba, masharti ni mepesi, na kijana atakusanya saa zake 1,500 za leseni ya juu kisha ahamie ndege kubwa. Imani hiyo ni potofu, na wanaoilipia ni abiria.

Masharti yenyewe si mepesi. Nchini Marekani, leseni ya kwanza ya biashara kwa kawaida hupatikana kwa saa 250, lakini rubani mkuu wa ndege ya kukodi hudaiwa saa 500 hata akiruka mchana kweupe, na 1,200 akiruka kwa kutegemea vyombo. Mgeni hudaiwa pia haki ya kufanya kazi nchini humo. Kule Yellowknife, Kanada, wengi huanza kwa kupakia mizigo miezi mingi kabla ya kugusa usukani.

Ugumu mkubwa zaidi uko angani. Viwanja vingi vya milimani Papua New Guinea ni vipande vifupi vya nyasi vilivyoinamia mlimani: ndege hutua ikipanda na huondoka ikishuka. Ikishakaribia mno haiwezi tena kughairi, kwa sababu mbele yake ni mlima mtupu. Mawingu huziba mabonde mapema, hivyo kazi huanza alfajiri. Joto nalo hupunguza nguvu za injini na mabawa. Katika kiwanja kilicho futi 5,000 juu ya bahari, kwenye nyuzi 30, ndege huruka kana kwamba iko karibu futi 8,000. Mzigo uliobebwa salama asubuhi unaweza kuua saa nane mchana. Hakuna mnara wa kuongozea ndege, na mara nyingi hakuna rubani wa pili. Anayepima mizigo, kujaza mafuta na kumkatalia abiria wa ziada ni mtu mmoja, na huyo ndiye anayedhaniwa kuwa mwanagenzi.

Ni kweli kwamba manahodha wengi hodari walipitia huko. Walilelewa na wakufunzi waliowapitisha kiwanja kimoja baada ya kingine, wakajifunza ni upande gani hutota baada ya mvua na upepo hugeuka saa ngapi. Ujuzi huo huchukua miaka. Anayeondoka saa zake zikitimia huondoka nao, na mgonjwa anayesubiri kupelekwa hospitali hupewa mgeni mwingine anayeanza upya. Mwajiri makini hudai mkataba wa miaka kadhaa. Serikali za maeneo hayo zingefanya vyema zaidi kuwasomesha urubani vijana wa vijiji hivyo hivyo, wanaoyajua mabonde yao tangu utotoni na ambao ndugu zao ndio abiria.